Waya wa msiba

Masuguru, Jumanne usiku

Kumbe hakuwa yeye.

Tangu tumzike Baba Salehe, breka ya umeme ya nyumba hii haijajizima hata mara moja. Enzi zake, tukiwasha pasi na jiko la umeme kwa pamoja, giza. Kiti chake cha kamba kinalia, ananyanyuka akinung'unika, anaiwasha tena. Sasa kimya. Nikajiambia anatulinda huko aliko. Sikumwambia mtu, wangenicheka.

Leo mwanangu Salehe ametuma fundi akague umeme kabla hajaniletea friji. Fundi akafungua kisanduku, akachungulia.

"Mama, huu waya aliufunga nani?"

Nikakumbuka. Siku ya msiba taa za turubai zilikuwa nyingi, breka ikawa inajizima katikati ya kisomo. Shemeji akafunga waya ili umeme upite bila kuigusa. Watu wakatawanyika, turubai likarudishwa, waya ukabaki. Plastiki ya pembeni imeshaanza kuungua.

"Umeme ulikuwa haukatiki kwa sababu hapakuwa na cha kuukata," akasema. "Mshukuru Mungu hamjateketea."

Nimemshukuru. Fundi naye hana kosa, kautoa waya, kaweka breka mpya. Lakini alipoondoka nilimchukia.

Jioni nikawa napiga pasi, maharage yako kwenye jiko. Giza.

Nilisimama pale pale na pasi mkononi, nikisubiri kukisikia kile kiti.