Baba Mkwe Amesuka Mota, Mimi Nimeipima

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nyumbani kwangu hakukaliki. Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda cha saruji, kazi yangu ni kupima mota kubwa kabla hazijawashwa, na mume wangu anaendesha kinu palepale, anakaa karibu kabisa na mota ya kinu, na mota hiyo iliungua, nyaya zake za ndani zikasukwa upya na baba mkwe, msukaji anayeheshimika kuliko wote hapa, sasa juzi nimeipima kwa mega, kile kifaa cha kuangalia kama ngozi ya nyaya inazuia umeme usivuje, mshale ukagoma chini kabisa, yaani umeme unavuja, nikarudia, yaleyale. Nikamwambia baba kwa adabu zote, akaipapasa kwa kiganja, akainusa, akasema, "Mwanangu, hii imepona. Kipimo chako ndicho kinaumwa." Wenzangu wakacheka. Mume wangu ananiambia nisimvunjie baba heshima uzeeni, niandike imefaulu yaishe, na mama mkwe haitikii tena salamu yangu. Kinu kinawashwa mwisho wa mwezi, wanasubiri neno langu tu. Naogopa, mshauri. Nifanyeje?

Mkamwana Fundi

Mkamwana, pole. Kuwa fundi na kuwa mkwe kwenye mota moja si mchezo. Lakini nawe una lako: unamkosoa mzee mbele za watu, halafu unashangaa salamu haiitikiwi? Nimemuuliza jirani yangu anayefanya kazi kama yako, naye swali lake la kwanza lilikuwa, "Ilikaushwa?" Hukusema. Mota iliyolala bandani msimu wa mvua hunywa unyevu, na ukiipima hivyohivyo itasoma vibaya hata kama imesukwa vizuri. Kwa hiyo huenda mzee yuko sahihi, na kipimo chako pia.

Basi usiandike chochote kwanza. Iwekeeni hita, ikauke taratibu, kisha mwombe baba mje wawili tu, bila watazamaji, na mega ashike yeye. Mshale ukipanda na kuzidi kupanda, mtake radhi, tena mbele ya walewale waliocheka. Ukibaki chini, funga mdomo wako, mwache autazame mwenyewe. Nadhani atajua la kufanya.

Na akikataa hata hapo? Mota haiwashwi, basi! Heri wakununie wote, mumeo akiwemo, kuliko waje kukusamehe msibani kwake.