Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Boay

Karatu, Jumatano

Mama, shikamoo,

Daktari amesema leo asubuhi kwamba mkono wa kulia wa Mwalimu Boay, uliopooza mwezi uliopita, hautainuka tena. Ni yule mwalimu uliyenipeleka kwake nikiwa mtoto. Baadaye aliongoza okestra kubwa Ulaya, na sasa anafundisha okestra ndogo ya kanisa huku kwao. Jumapili kuna ibada ya mavuno, na wengine walishaanza kusema amwachie mtu mwingine kuongoza.

Jioni alikuja mazoezini akainua mkono wa kushoto. Wapigaji walianza vizuri, kisha fidla zikafifia, tarumbeta zikafuata, mwisho kimya kabisa.

"Mbona mmeacha?"

"Mwalimu, miaka yote mkono huo ni wa kutupunguza sauti!" akasema Mama Paskalina wa fidla. "Tumepunguza mpaka tumekwisha."

Alicheka hadi akakaa. "Basi kuanzia leo huu ndio unaohesabu mapigo. Nikitaka mpunguze, nitawatolea macho."

"Hayo tunayaogopa tangu zamani," akajibu mpiga ngoma.

Wakarudia mara tatu. Ya tatu walimaliza pamoja.

Kreta unayoiona kwenye picha ya kadi hii, lile bonde la volkano, sikuiona, ukungu umeifunika. Lakini nimekula makande kwa Mwalimu, naye amekuulizia. Alinifundisha kusikiliza kabla ya kuanza, na kazi yangu ya gazeti inasimama juu ya hilo. Asante kwa kunipeleka.

Jumapili saa nne ataongoza mwenyewe. Jumatatu napanda basi la kuja nyumbani.

Mwanao,
Elia