Jina la Mzee Bonaventura halimo

Nyumba Na. 17,
Kijiji cha Ujamaa Kwedimbiri,
S.L.P. 19,
Handeni.

2 Machi 1975.

Mpendwa mdogo wangu Rehani,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mimi mzima, ila kichwa kinaniuma, na sababu ya kuniuma ni wewe, utaiona humu ndani. Je, hujambo huko Mwanza? Kifua kimepona? Mkeo Swaumu hajambo? Mtoto ameanza kusimama? Sisi huku mvua bado, lakini mawingu yapo, na mashamba yameshasafishwa yanangoja mbegu. Na hizo mbegu ndizo zilizonitoa roho mwezi uliopita.

Nianze na kitabu. Nilikuomba vitabu vya darasa langu la watu wazima, vyenye herufi kubwa, habari za kilimo na uchimbaji wa vyoo. Wewe ukanitumia riwaya ya upelelezi. Karani wa boma kauawa enzi za Mjerumani, na wanaomtafuta muuaji si askari, ni mkunga, fundi cherehani na mpagazi mmoja kiguru, watu wasio na undugu hata chembe, wanakaa nyumba moja na kula chungu kimoja. Wanafunzi wangu wamekipenda hicho kitabu mpaka habari ya vyoo hawataki tena kuisikia. Nimewasomea wiki tatu. Tumefika mkunga amewakusanya watu wote uani, amenyoosha kidole amtaje muuaji, nafunua ukurasa, hamna kitu. Kurasa nne za mwisho zimechanwa. Hivi Rehani, hukukitazama kabla ya kukifunga? Mpaka leo nusu ya darasa haisemezani na nusu ya pili kwa ajili ya yule mpagazi.

Sasa habari ya nyumba yetu. Nimeshakuandikia mara tatu, hii ya nne, maana naona barua zangu unazisoma huku unakoroga chai. Tulipohamishiwa hapa, nyumba ziligawiwa kwa familia, wakabaki watu watatu wasio na familia. Mmoja mimi, mjane nisiye na mtoto. Wa pili Bibi Naanyu, Mmaasai ambaye ng'ombe wake waliisha kwa ukame na wanawe wakaenda zao Kiteto. Wa tatu Mzee Bonaventura, aliyetoka Songea kijana kuja Korogwe kukata mkonge kama manamba, kibarua wa mkataba, akauzeekea, kazi ikaisha, na huko kwao hakuna tena anayemjua. Wakatutia wote namba kumi na saba, wakasema ni kwa muda. Huo muda haujaisha. Bibi analaza vitoto vya mbuzi chini ya kitanda changu, mzee ugali wangu lazima autolee kasoro. Nimechoka nao, Rehani. Lakini siku mzee alipochelewa kurudi kutoka shambani, nilikaa mlangoni nikimngoja mpaka ugali ukapoa.

Mzee Bonaventura ndiye mtunza ghala la kijiji. Tulichagua mahindi mazuri ya mbegu, bado yako kwenye magunzi na maganda yake, tukayaweka ghalani yangoje masika. Jumanne moja ya mwezi uliopita mwenyekiti wetu, Mzee Mbaruku, akafungua ghala akakuta patupu. Matenga manane yameondoka, kufuli zima, ufunguo mmoja tu na uko shingoni mwa Mzee Bonaventura. Akaulizwa. Akasema hakuiba, akanyamaza. Akaulizwa tena, kimya. Nilimsihi nyumbani, nikamgombeza, nikamnyima hata chumvi. Alikula ugali wake bila chumvi na hakusema neno. Hiyo ndiyo siku pekee hakuukosoa.

Mkutano ukaitwa. Mwenyekiti akasema mwizi wa mbegu hawezi kukaa kijijini, na huyu hana kwao, hana wa kumdhamini, ikifika Ijumaa mbegu hazijaonekana apande gari aende anakojua. Aende wapi, mtu wa miaka sabini? Nikasimama nikasema huyu ni baba yetu mdogo. Watu wakacheka. Mwenyekiti akaniuliza mbele ya wote kama hata ndugu yangu wa Mwanza anamjua huyo baba mdogo. Barua yako ilikuwa mfukoni, ndiyo kwanza imefika. Nikaitoa nikaisoma kwa sauti.

Unakumbuka uliandika nini, Rehani? Umemsalimia shangazi wa Kwashemshi, umemsalimia Mwalimu Dunstan aliyekufundisha hesabu, umemuulizia mpaka yule mbwa wetu tuliyemwacha mahameni, kwenye kijiji chetu cha zamani. Watu ninaolala nao nyumba moja hukuwagusa. Basi nikiwa nimesimama pale, macho kwenye karatasi, nikajisomea tu: "Umsalimie sana Baba Mdogo Bonaventura, umwambie namkumbuka." Nimeusema uongo huo mbele ya kijiji kizima kwa ajili ya uvivu wako. Kicheko kikaisha. Tukapewa mpaka Ijumaa tutafute mbegu wenyewe.

Hapo ndipo kitabu chako kilipomaliza kuniua. Darasa zima likageuka wapelelezi. Mama mmoja alimwaga unga wa muhogo kwenye kufuli atafute alama za vidole, unga wa watoto huo, na alama zilizoonekana zilikuwa zake. Wawili walifuata nyayo za makatambuga, vile viatu vya matairi, toka ghalani mpaka nusu ya njia ya Segera, ndipo wakakumbuka kijiji chote tumenunua makatambuga kwa fundi mmoja, na nyayo walizokuwa wanazifuata ni za waliotangulia mbele yao. Kila mtu alikuwa anataka kuwakusanya watu uani na kunyoosha kidole. Mimi nakimbia nyuma yao kama mchunga kuku, na siku zinakwisha.

Aliyetufaa ni Bibi Naanyu, na yeye kusoma bado anahangaika na silabi. Alhamisi asubuhi alinivuta mkono, hakueleza kitu, akanipeleka walipo mbuzi wake. Walikuwa wanaokota maganda ya mahindi njiani, moja hapa, moja pale, lakini si njia ya Segera ambako mwizi angeuza. Ilikuwa njia ya mahameni kwetu, tulikokatazwa kurudi. Bibi akanitolea ganda moja mdomoni mwa mbuzi. Lilikuwa limefungwa fundo na lenzake, mawili mawili, kama mama alivyokuwa anafunga mbegu. Nikasimama pale nikajiona mjinga. Mwizi anayetaka kuuza hakai akafunga mahindi mawili mawili.

Tulikwenda wote wawili. Nyumba za zamani zimeanguka, ila jiko moja lilikuwa linafuka moshi, jiko la Bi Tatu. Nadhani unamkumbuka, mama yake mwenyekiti Mbaruku, yule aliyekuwa anachagua mbegu za ukoo wote. Mwanawe alituambia yuko Mombo kwa binti yake aliyejifungua. Mombo wapi. Alikuwa kachutama mbele ya mafiga, macho mekundu, na kwenye uchaga wa miti juu ya moto mbegu zote za kijiji zimening'inia zinakula moshi. Hakushtuka. Alitugombeza kwa nini tumekuja mikono mitupu bila kuni.

Kumbe wadudu walishaanza kuyatoboa mahindi mle ghalani. Alimwambia mwanawe mara mbili kwamba mbegu haikai bila moshi, mwanawe akamjibu hayo ni mambo ya kizamani. Majiko ya nyumba mpya hayana uchaga, na mahameni ni marufuku, tena aliyepiga marufuku ni huyo huyo mwanawe. Basi Bi Tatu akamwendea Mzee Bonaventura alfajiri, siku tatu mfululizo, mzee akamfungulia ghala, naye akamwapisha asimwambie mtu. Mkutano hakuusikia. Alipoambiwa mzee anafukuzwa kwa ajili yake, alijifunga kanga kiunoni akaja kwa miguu, fimbo mkononi. Aliyomwambia mwenyekiti mbele ya ofisi siwezi kuyaandika, nitakuambia ukija. Ijumaa ilipofika, mwenyekiti ndiye aliyekuwa juu ya ngazi ndani ya jiko la kijiji anajenga uchaga.

Usiku wa siku hiyo nilimkalia kooni mzee. Nikamuuliza ni kiapo gani hicho cha kumfanya mtu atupwe barabarani na huku anajua zilipo mbegu. Akaniambia, "Aliniita kaka. Miaka hamsini nimeitwa namba, nimeitwa manamba, nimeitwa mzee wa ghala. Dada yako akikuomba siri, utakwenda kuisema mkutanoni?" Nikampa chumvi.

Nilidhani yameisha. Jana nimeingia ndani nikamkuta yuko mlangoni kwenye mwanga, barua yako mapajani, kidole kinatembea chini ya mstari kama nilivyomfundisha mwenyewe. Sijui ameanza saa ngapi. Alifika mwisho, akarudi juu, akaanza tena. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, maandishi ya mkono yananishinda. Nionyeshe pale uliposoma jina langu."

Rehani, ningefanyaje? Nikamwambia ukurasa huo umechanika, kama zile kurasa za kitabu. Akaikunja barua vizuri, akanirudishia. Akasema basi, mtoto wetu ataleta mwingine. Amesema hivyo, mtoto wetu. Na tangu asubuhi ameng'ang'ania kwamba barua hii ataipeleka yeye posta Handeni, kwa miguu, kesho asubuhi. Kwa hiyo bahasha nitaibandika kwa ugali, tena nitauzidisha, maana sasa anajua kusoma.

Kwa hiyo sikuombi tena vitabu wala sabuni. Kaa chini leo hii, acha chai, uandike ukurasa huo. Uandike kwa herufi kubwa zilizoachana, jina lake liwe la kwanza kabla ya shangazi wa Kwashemshi, na la Bibi Naanyu lifuate. Mbwa muache.

Wanakusalimu shangazi wa Kwashemshi, Bi Tatu, na Mwalimu Dunstan. Anakusalimu Bibi Naanyu, anasema mwanao anywe maziwa. Anakusalimu sana baba yako mdogo Bonaventura. Yeye hapa amekaa mbele yangu, ameshavaa viatu tangu sasa, anauliza kutoka hapa mpaka Mwanza barua huchukua siku ngapi, na jibu siku ngapi.

Nimemwambia wiki tatu. Mola akulinde wewe na nyumba yako, na usinifanye mwongo mara ya tatu.

Ni mimi dada yako nikupendaye hivyo hivyo ulivyo,
Mwantumu.