Kigari Alichoniletea Hamdani

Jumatano, 4 Juni 1997

Gari imeingia uani! Nyekundu, ndogo, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku. Starlet, anasema Hamdani. Mimi naiita kasanduku.

Mwalimu, andika kama ninavyosema, usinipambe. Mwalimu Eufrasia ni mpangaji wangu, Mhaya wa watu, mimi nasema yeye anaandika. Daftari la marehemu mume wangu. Alikuwa karani bandarini, kila siku alikuwa anaandika, mvua, meli, samaki, nani kafa. Naye kafa kaacha nusu nyeupe. Nikiiona ile nusu nyeupe inaniuma. Basi tuijaze.

Mtumbwi wake nimeuza, na mashine yake. Ndiyo nimepata gari. Feliksi, kijana wa hapa mtaani, ataendesha, abiria Ujiji na mjini, siku nyingine anipeleke Kalinzi kwa dada yangu. Dada hainuki kitandani na miguu yangu mlima haiutaki tena.

Hamdani ndiye kaileta. Hamdani sikumzaa. Wangu alikufa ana siku tisa, maziwa yamejaa kifuani yananichoma, na jirani hapo hapo akafa kwenye uzazi. Nikaletewa kitoto chake kimefungwa kanga. Nikakinyonyesha miaka miwili. Kwa dini yetu huyo ni mwanangu kabisa. Leo ana kipara na bado "mama, mama". Anasema gari ilikuwa ya padri huko Manyovu, kahamishwa. Karatasi zinakuja. Sikuuliza zaidi. Mtoto wa titi lako utamdai karatasi?

Ijumaa, 6 Juni 1997

Dua ya gari. Watu walijaa! Pilau, ubani, yai chini ya tairi, paa! Mimi nikaingia mbele nikae kama mwenye mali — nakuta usukani uko mapajani mwangu. Feliksi akacheka mpaka akashika ukuta: "Leo unatuendesha wewe, bibi?" Kumbe usukani wake uko kushoto, wakati gari zetu ni kulia. Hamdani akasema padri alikuwa Mzungu, kwao ndivyo walivyozoea. Haya.

Maalim akauliza, gari ya nani, nimtaje kwenye dua? Hamdani akawahi hata sijameza mate: "Ya Bi Ziada!" Alivyowahi. Nikaona ni mapenzi.

Jumanne, 10 Juni 1997

Nimefika Kalinzi! Nimepanda mlima nimekaa! Dada akalia, akasema nimekuja kama mke wa mkuu wa mkoa. Kanipa ndizi mkungu mzima.

Njiani kitu kikanichoma kisigino. Kiatu cha mtoto, kimoja, kimejificha chini ya kiti. Feliksi akaanza maneno yake, ati padri huyu naye alikuwa na mambo. Nikamwambia funga domo. Lakini na mimi nikawaza. Kiatu nimekiweka chini ya kitanda, kwenye amana.

Chini ya kitanda changu pamejaa vitu vya wakimbizi. Wanashuka ziwani, wanashuka Manyovu mpakani, kambini hawawezi kubeba vyote, wanakuja: bibi, nitunzie. Cherehani ya mama mmoja wa Uvira. Redio. Masufuria. Godoro limeliwa na panya kidogo, hilo nakiri. Lakini kijiko hakijapotea hata kimoja. Mwaka wa nne huu.

Alhamisi, 19 Juni 1997

Mwalimu, leo andika polepole. Mimi mwenyewe nasema polepole.

Asubuhi kaja mwanamke, mwembamba, kitenge cha kijani, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Amahoro, mama," akaniamkia kwa Kirundi. "Wewe ndiye Bi Ziada unayetunza vitu vya watu?" Nikasema ndiye, karibu, kaa, umeacha nini? Nikadhani masufuria. Anaitwa Veneranda, wa Bujumbura. Akasema: nimekuja kuchukua gari yangu.

Nikacheka! Mungu anisamehe, nilicheka.

Yeye hakucheka. Akafungua fundo la kitenge, akatoa ufunguo. Akaenda kwenye gari. Hakuzunguka, hakutafuta, moja kwa moja mlango wa kushoto. Ufunguo ukaingia. Mlango ukafunguka. Feliksi alikuwa anakunywa uji, kikombe kikabaki hewani.

Akasimulia. Mume wake hajui alipo. Yeye na mtoto waliendesha mpaka Manyovu mwezi wa kumi na moja. Wakaambiwa kambini gari haiingii. Akaja mtu mmoja mwenye kipara, mpole, akambebea mtoto. Akamwambia mama yangu yuko Ujiji, anatunza mali za watu. "Nilimkatalia mara mbili," akasema. "Kisha akataja jina lako. Jina lako tulilisikia tangu njiani. Nikampa."

Jina langu!

Mimi nilifikiri kaniuzia gari ya wizi. Kumbe gari aliiiba kwa kutumia mimi, halafu akaniuzia mimi. Hata mwizi wa kuku hamuuzii mwenye kuku.

Nikaingia ndani nikatoa kile kiatu. Akakipokea. Akasema tu: "Hakimtoshi tena."

Ijumaa, 20 Juni 1997

Hamdani kaja baada ya sala. Shikamoo mama. Nikaitikia, mdomo umezoea. Nikamuuliza. Hakukataa! Ningependa hata angekataa. Akasema mama, huyo mkimbizi, kesho watamrudisha kwao, gari ataendeshea wapi? Akasema wewe unahangaika na miguu, mimi nilitaka upumzike. Nikamwambia usinisingizie miguu yangu.

Akapiga magoti, kipara kinang'aa jasho. "Mjumbe wa mtaa akija kuuliza, sema uliona karatasi kwa padri. Neno moja tu, mama. Ujiji hii nani asiyekuamini wewe?"

Umesikia, mwalimu? Kaniuza mara moja, anataka kuniuza tena.

Jumamosi, 21 Juni 1997

Mama wa Uvira kaja kuchukua cherehani yake. Ati ana kazi ya haraka ya kushona. Hakuniangalia usoni. Akakagua sindano, akakagua mkanda, akazungusha gurudumu. Nikamshikia mlango. Habari zimeshafika mbali.

Jumapili, 22 Juni 1997

Saa nne mjumbe wetu Bonifasi anakuja, na majirani. Swali lake ni moja: gari ya nani? Nikisema ya Veneranda, mtumbwi sina, gari sina, Kalinzi siendi tena mpaka nibebwe. Na Hamdani anakwenda polisi kwa mdomo wangu huu. Nikisema niliona karatasi — basi mwalimu wewe utakuwa umeandika vyote hivi bure.

Veneranda amelala chumbani kwako, nakushukuru. Sasa hivi yuko uani, anafuta vumbi kwenye gari na kitenge chake. Anaifuta kama unavyomfuta mtoto pua. Funguo zote mbili ziko hapa mezani. Zinafanana, sijui tena upi nilipewa mimi.

Unasikia? Mlangoni. Ni Hamdani, kawahi kabla ya mjumbe. "Hodi! Hodi, mama!" Sauti ile ile ya utotoni, akirudi kutoka ziwani na nguo mbichi.

Anabisha tena.

Andika hivi, mwalimu. Sijaitikia.