Mfupa wa Babu

Kambini, mwezi wa kuchuma zabibu

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mgongo wako haujambo? Mbuzi je? Mimi mzima, tena mzuri kuliko nilivyoondoka; adui wakiniona wanaitana ukutani kuja kunitazama. Ndiye mimi sasa ninayeendesha gari la farasi la Alkandro, jemadari wetu. Jana niliua tisa. Lakini kwa hiki kipande cha mfupa wa kondoo ulichonifunga shingoni, wenzangu wananiita Muuza Supu. Nikitupe?

Mwanao, Thrasonida

Nyumbani, zeituni zimekamuliwa

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma, mbuzi wanakula. Ukikitupa, usirudi. Babu yako na mwenyeji wake wa mji huohuo mnaoupiga waliuvunja mfupa huo mezani, kila mmoja akachukua nusu iwe kiapo cha undugu. Mwenye nusu yetu haguswi na mtu wa nyumba ile.

Halafu, mwendesha farasi mikono yote miwili imeshika hatamu. Hao tisa uliwaua kwa mate?

Mke wa Alkandro anakuja kuniuliza kila siku. Mrudishe mumewe.

Mama yako

Kambini, theluji imeyeyuka

Mama mpenzi,

Shikamoo. Za siku nyingi? Mimi salama kabisa. Mwandiko umepinda kwa sababu nta ya vibao hivi vya kuandikia ni mbovu.

Alkandro alipigwa mshale wa paja, akaanguka. Nikaziachia hatamu, farasi wakarudi kambini peke yao. Mimi na wenzangu watatu tukamfunika kwa ngao. Likaja jitu moja la adui, Arkesila, limvue silaha.

"Toka hapo, mshika kamba!"

"Njoo uzichukue, kichwa chungu!"

Mara akauona mfupa. Akatoa nusu yake mkandani. Zikashikana kama meno.

"Wewe nenda zako," akasema. "Huyo si wa nyumba yenu."

Nikauvua, nikamvika Alkandro. "Sasa ni wake. Haya, mguse."

"Na wewe umebaki na nini?"

"Mdomo."

Tukazungumza kidogo, akacheka, akatupisha.

Mwanao, Thrasonida

Nyumbani, shayiri imeiva

Mwanangu,

Barua yako kaileta Alkandro mwenyewe, anachechemea, mfupa shingoni. Mkewe kalia mpaka mbuzi wakanyamaza.

Kaniambia hayo mazungumzo kidogo yalikuwa mkuki begani mwako, wa mkono wa kuume, na wewe ulisimama palepale ukimtukana yule mtu mpaka hasira ikamwisha kwa kicheko. Tangu uanze kusema unatia chumvi. Leo ndiyo unapunguza?

Alkandro anairudisha meli iliyomleta ije kukuchukua. Panda.

Majirani wakiniuliza, nitawaambia walikuwa tisa.

Mama yako