Mkunga Hakuwaiba Watoto

Shoga yangu Mwanaidi,

Nimejifungia chumbani, nimewaambia kichwa kinaniuma, ili nipate kukuandikia. Barua hii sijui nitaitia posta ipi. Lakini yapo mambo nikiyasema kwa mdomo watayasikia uani, nikiyanyamazia nitapasuka, na wewe ndiye uliyekuwa ukinisikiliza mpaka mwisho. Mwandiko wangu unaujua, ni huu huu wa chuo cha Kurani, mistari inapanda kama mbuzi. Vumilia.

Leo ni Ijumaa. Kesho utatimiza wiki mbili tangu utuache. Chumba chako kimeshapata mpangaji, fundi cherehani kutoka Kilwa, mtu wa heshima, ila anakoroma mpaka ukuta wangu unaitikia. Kaka yako Juma, aliyewachukua watoto wako, alinitaka nichague kitu chako kimoja cha kukukumbuka, nikachagua chuma cha vitumbua. Nimejaribu, Mwanaidi. Vyangu vinashika, navibandua kwa kijiko kama ukoko. Wachukuzi wa sokoni wananunua kwa huruma. Mmoja aliniuliza, "Yule mama mwingine yuko wapi?" Nikamwambia amesafiri. Sikuweza kusema zaidi. Nikarudi na beseni likiwa limejaa nusu, nikalia njia nzima ya Msimbazi, watu wanadhani nimeibiwa.

Haya. Sasa nikueleze la sinema, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wewe ulikwenda Jumatano, siku ya onyesho la wanawake, na Mama Nasra wa duka la kona. Alhamisi tukakaa uani na kofia zetu za kushona, ukaanza kutuhadithia. Mji mzima watoto wanapotea, mmoja baada ya mmoja, na kwenye kila mlango alikotoka mtoto kinaachwa kiatu kimoja. Askari kanzu anatumwa kumtafuta mwizi. Ulimwita Rashidi, kwa sababu ulisema jina lake la Kihindi halikukaa mdomoni. Kila alasiri kipande kimoja. Ua mzima uliacha kutuma watoto dukani. Kofia niliyoshona wiki ile matundu yake yamepishana kama meno ya mzee, na mwenye duka kanirudishia, kaniuliza kama nilikuwa nashona huku nakimbia.

Halafu Jumamosi Bi Kidawa akasema vitumbua vyako vibichi katikati. Alisema mbele za watu. Wewe ulitabasamu, nami nilikuwa nakujua ukitabasamu hivyo. Jumapili akaingia mkunga kwenye sinema. Mkunga anatafuna tambuu, goti la kushoto linamsumbua, kila akiingia nyumba fulani, baada ya siku mbili mtoto hayupo. Mwanaidi, mkunga mwenye tambuu na goti la kushoto katika Kariakoo nzima ni mmoja, na alikuwa amekaa mkekani hatua tatu kutoka kwako. Watu wakaanza kucheka chini chini. Jumatatu ukamzamisha muuza maziwa kisimani, ndiye aliyekuwa akishukiwa kabla, kwa hiyo akabaki mkunga peke yake. Jumanne Rashidi akamkuta na kiatu. Jumatano jioni ukasema, "Kesho ndiyo mwisho. Nywele zitawasimama."

Kesho yake ukaamka na homa. Jumamosi tukakuzika.

Siku ya tatu, khitma imesomwa, chai imenywewa, kaka yako akasimama mlangoni pa uani kama ilivyo ada. Akasema, "Jamani kina mama, kama yupo anayemdai marehemu, aseme nilipe, au amsamehe." Sote tukaitika, tumemsamehe, tumemsamehe. Mara tunasikia sauti kutoka pembeni.

"Mimi namdai. Na simsamehe."

Bi Kidawa. Juma akadhani ni deni la unga, akauliza ni kiasi gani. Bi Kidawa akasema, "Namdai mwisho wa sinema."

Mwenzangu, nilijiziba mdomo kwa kanga. Wengine walitoka kabisa. Lakini yule bibi hakuwa akicheka. Akasema, "Nimezalisha nusu ya mtaa huu. Mwanaidi mwenyewe nimemzalishia mara nne. Leo watoto wakiniona wanashika viatu vyao. Kaniacha mimi ndiye mwizi wa watoto, kaenda zake. Nisamehe nini?"

Juma hakujua aweke wapi uso. Akamfuata mwalimu aliyesoma khitma, akamweleza barazani, nasi tumetega masikio. Tulitaraji mwalimu atacheka. Hakucheka. Alisema heshima ya mtu ni haki yake, na haki ya mtu, marehemu huenda nayo shingoni; mwenyewe akisamehe, imekwisha, asiposamehe, jamaa wamtafutie cha kumridhisha. Akanywa kahawa, akaondoka.

Ule usiku sikulala. Wewe uko peke yako huko, umefungiwa jambo kwa ajili ya kitumbua. Asubuhi nikamwambia Juma, deni hilo nalibeba mimi.

Unajua nilivyokuwa na sinema. Umenialika mara ngapi? Kila Jumatano unapita mlangoni, "Twende, Tatu, hakuna wanaume, ni giza na wanawake tu," nami nakujibu giza ndilo ninaloliogopa. Marehemu mume wangu alisema mtu aingiaye mle huacha imani yake mlangoni pamoja na kandambili. Nikaamini. Wewe ulikuwa unacheka, unakwenda zako.

Picha yenyewe ilirudishwa Jumatano ya wiki hii, mara ya mwisho kabla ya kupelekwa Tanga. Mama Nasra akanichukua. Tulikwenda kwa miguu mpaka Uhindini, mimi na baibui langu, nimesoma Ayatul Kursiy mara saba. Kufika mlangoni nikasita. Sikujua niingie kwa mguu gani. Msikitini ni wa kulia, chooni ni wa kushoto, na huku je? Wanawake nyuma wanasukuma. Nikaruka na yote miwili.

Taa zikazimwa, na mimi naomba dua moja tu: Mola, mwizi asiwe mkunga. Maana nilijiuliza, je, ikiwa kweli ndiye? Nitakwenda kumwambia nini Bi Kidawa? Hicho ndicho kilichonibana roho, si giza.

Sasa sikiliza. Nilimngoja mkunga. Hakuja. Nilingoja viatu. Hakuna viatu. Hakuna watoto, Mwanaidi. Wanaopotea ni wanaharusi, wanachukuliwa siku ya harusi yao na nguo zao nyekundu, na mahali pao linaachwa ua. Rashidi wako, uliyetuambia ni kijana mwembamba macho kama ya mwewe, ni mtu mnene mwenye mwavuli, na kila akikwama katika upelelezi wake anaimba. Nilimng'ang'ania Mama Nasra mkono. "Tumekosea jengo," nikamwambia. "Hii siyo."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo hii hii."

"Mbona Mwanaidi alituhadithia nyingine?"

Mama Nasra akanitazama kwa huruma. "Mwanaidi? Mwanaidi alikuwa analala. Wimbo wa kwanza ukianza, kichwa begani kwangu. Namwamsha taa zikiwashwa. Tukitoka anaitazama ile picha ya mlangoni, ananiuliza, 'Mwizi alikuwa nani?' namwambia, basi."

Kila Jumatano? Nikamuuliza. Kila Jumatano, akasema, miaka mitatu.

Nilicheka, nikafokewa na waliokaa nyuma. Halafu kicheko kikaniisha. Nilikumbuka ulivyokuwa ukiamka saa kumi za alfajiri kuwasha moto, ukirudi kutoka sokoni unafua, ukimaliza kufua unashika sindano. Sijawahi kukuona umelala mchana. Nilidhani wewe ni mtu wa chuma. Kumbe ulikuwa unalala kwenye viti laini vya Uhindini, na ulilipia usingizi wako kwa kutushonea hadithi wiki nzima.

Basi nikaitazama ile sinema kwa niaba yako. Nikwambie kweli, ni nzuri. Walipofika pahali bibi harusi wa tano anafungua mlango wa nyuma, na sisi tunakiona kivuli nyuma yake naye hakioni, wanawake wote mle ndani walisimama wakampigia kelele asifungue. Na mimi nikasimama. Nilimwambia kwa Kiswahili, "Geuka, mwanangu," na baibui limenivuka kichwani. Alasiri iliingia pale mwizi anafukuzwa juu ya mapaa. Nilisema, Mola wangu, dakika tano tu. Zilikuwa zaidi ya tano. Nimelipa sala nyumbani na nimetubu.

Na mwizi alikuwa muuza maziwa. Wanaharusi alikuwa anawapitisha mjini ndani ya mapipa ya maziwa, mchana kweupe, na askari wanamsalimu.

Muuza maziwa, Mwanaidi. Yule uliyemzamisha kisimani Jumatatu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napima moyoni. Nilikuwa na mambo mawili mkononi na hakuna hata moja lililofaa. Nikisema ukweli wote, kwamba ulilala, Bi Kidawa atasafika, lakini wewe utaitwa mwongo katika ua ulioishi miaka kumi na sita, na huna mdomo wa kujitetea. Nikitunga langu, nitakuwa nimelipa deni la maiti kwa uongo, na mimi uongo siuwezi, huwa natokwa jasho puani. Mama Nasra alisema tu, "Mimi sikuona mtu kulala." Mungu amjaalie.

Jana, Alhamisi, baada ya alasiri, ua ulijaa. Hata waliokuwa hawashoni walikuja na kofia za kuazima. Bi Kidawa akakaa mbele, mkononi na kopo lake la tambuu, uso kama wa kadhi. Nikasema bismillahi. Nikasema, "Sinema nimeiona kwa macho yangu mawili. Mkunga hakuwaiba watoto."

Hilo ni kweli tupu, Mwanaidi. Nililifikiria kutwa nzima. Hakuna neno la uongo ndani yake.

"Nani basi?" wakauliza.

"Muuza maziwa."

Mama Asha wa chumba cha mwisho, unamjua, asiyeachia kitu kipite, akasema, "Si alizama kisimani Jumatatu?"

Nikahisi jasho linaanza puani. Nilimtazama Mama Nasra, naye alikuwa anatazama mawingu. Nilifungua mdomo, wallahi sijui kitu gani kingetoka. Ndipo Bi Kidawa, bila kuinua macho kutoka kwenye chokaa yake ya tambuu, akauliza, "Maiti yake aliiona nani?"

Mama Asha akashusha kofia yake mapajani. Bi Kidawa akaendelea,

"Mwanaidi alisema amezama. Alisema amekufa?"

"Hakusema," wakasema wawili watatu.

"Basi. Mimi kazi yangu ni kuzalisha, na kabla ya hapo mama yangu alikuwa anaosha maiti. Najua nani kafa na nani kajificha."

Mama Asha akarudi kwenye kofia yake. Nami nikaendelea na mapipa ya maziwa, na mapaa, na mwavuli wa Rashidi. Wanaharusi nikawaita "wale waliochukuliwa", nikapita upesi. Nilipofika mlango wa nyuma hakuna sindano iliyotembea. Nikaona kwa nini uliipenda kazi hii, mwenzangu. Nilijisikia vibaya kwa kujisikia vizuri.

Nilipomaliza, Bi Kidawa alikusanya vitu vyake. Akanipa mkono nimwinue, goti lile. Aliposimama akanivuta sikio karibu na kusema kwa sauti ndogo, "Sinema gani ya Wahindi ina mimi ndani? Mnaniona mtoto?" Kisha akageuka, akasema kwa nguvu ili ua mzima usikie, "Mwanaidi binti Saidi, nimekusamehe duniani na ahera. Na vitumbua vyako havikuwa vibichi. Mimi nilikuwa naumwa jino."

Akaingia ndani. Nikasikia analia. Sijapata kumsikia Bi Kidawa akilia, tangu nimjue.

Kwa hiyo hudaiwi tena. Nilivaa baibui saa ile ile nikaenda kwa kaka yako kumpa habari, naye akasujudu pale pale dukani kwake, mbele ya wateja.

Ila nimeharibu pengine, na nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine. Leo asubuhi mzee wetu wa maziwa, yule wa baiskeli, amegonga mlango kama kawaida. Hakuna aliyetoka. Mama Asha alimvuta mwanawe ndani na kufunga komeo. Mzee wa watu alisimama na kopo lake la kupimia, akaniona dirishani, akauliza, "Bi Tatu, kuna nini? Maziwa yangu yana maji?" Nami nikajificha nyuma ya pazia. Haki yake hiyo sasa iko shingoni kwangu, na mimi sitaki mtu aje kuibeba baada yangu.

Nakuahidi hivi. Kila Ijumaa nitakusomea Yasini, na leo nimeshaanza. Usingizi wako tunaujua wewe, mimi na Mama Nasra, na mimi sitaufungulia mdomo mpaka nifukiwe. Chuma chako nitaendelea nacho mpaka vitumbua viache kushika. Na kesho asubuhi mzee akigonga, nitatoka mimi wa kwanza na sufuria kubwa, nitamsalimia kwa sauti, nitayanywa maziwa yale pale pale mlangoni huku Mama Asha ananitazama.

Mola akupanulie ulipo, shoga yangu, na akupumzishe.

Wako,
Tatu