Mkono Kifuani

Mwanangu Lyle,

Sisi tupo, tunajikongoja. Jumamosi shule ilimtuza baba yako kwa miaka yake arobaini ya kufundisha besiboli. Keki ilikuwa tamu. "Kocha, leo unatabasamu kama bwana harusi!" wageni wakamtania. Tangu apate kiharusi hasemi, na tabasamu lenyewe ni mdomo uliopinda.

Mkuu wa shule alipoisifu fainali ile ambayo baba yako alikulazimisha kurusha mpira mpaka bega lako likaharibika, baba yako alijipangusa kifua kwa mkono wake usiopooza, mara mbili. Wakadhani anakung'uta makombo. Wewe unaijua ishara yake hiyo ya uwanjani: futa yote niliyokuamuru.

Alikuwa amegeukia kiti nilichokuwekea wewe. Kilikuwa na koti langu tu.

Mama yako,
Arlene